Mlango wa Mtoni

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Pangani kabla ya uhuru, nyumba ya mawe ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara, nao ulikuwa wa wageni na wanaume wa barazani. Wa nyuma ulitazama mto, na huo ulikuwa wetu sisi wanawake na watoto, pamoja na harufu ya vitumbua. Tulicheza mdako kizingitini mpaka vidole vikawa vyeupe kwa chokaa ya ukutani. Watoto wa leo wanacheza kwa dole gumba tu, na bado wanalalamika wamechoka.

Kila alasiri mlango ule aliuingia Bi Tatu, shoga yake bibi yangu mzaa baba. Alikaa ng'ambo, Bweni. Alivuka kwa mtumbwi, akapanda vidato vya mawe na kupiga hodi, buibui limelowa pindoni. Bibi alikuwa keshatenga vikombe viwili vya kahawa. Waliketi wakitazama maji, wakiwateta watu wa pande zote mbili za mto bila upendeleo.

Baba alikuwa fundi mwashi. Mwaka mmoja alirudi kutoka kazini Tanga mjini na mifuko ya sementi, na kichwa kimejaa nyumba za kisasa. Alisema mlango wa nyuma unaingiza mbu. Akauziba kwa matofali, akapiga lipu ya sementi juu ya mawe na chokaa ya babu, ukuta ukang'aa kama sahani. Majirani walikuja kuusifu. Bibi alisema, "Mkono wako mzuri, mwanangu," basi.

Bi Tatu alikuja mara moja kwa mlango wa mbele. Ilimbidi azunguke mtaa mzima, apite katikati ya wanaume, kila mmoja akimjulia hali. Hakurudi tena.

Bibi hakulalamika. Kila alasiri alitenga vikombe viwili, akaketi kuutazama ukuta. Cha pili kikipoa alinipa mimi, nami kwa ulafi wangu nilifurahi. Nikikumbuka naona haya.

Masika yalipoingia, ukuta ulitoka jasho, lipu ikavimba na kubanduka, maana mawe yale yalizoea kupumua kwa chokaa. Baba akaja na sementi nyingine azibe palipobanduka. Akamkuta Bibi pale na vikombe vyake.

"Mama, mbona viwili?"

"Kimoja changu."

Cha pili hakukisemea. Baba aliweka mwiko chini, akachukua nyundo. Siku ile hakula mpaka mwanga wa mtoni ulipoingia ndani. Kesho yake alivuka mwenyewe hadi Bweni, akamwamkia Bi Tatu shikamoo, akamwomba radhi. Alasiri tulisikia hodi.

Siku hizi mji wetu umeupa mto kisogo, maduka yamepangana migongo yao majini. Juzi mjukuu wangu, msanifu majengo, alinionyesha michoro ya kuurudisha mji kwenye mto wake.

"Bibi, hapa tutaweka sehemu ya watu kutazama maji."

Nilimwambia aweke mlango, na kizingiti cha kukaa wawili, na chokaa, si sementi. Akaandika yote, kijana ana adabu. Sikumwambia kuwa ng'ambo sina tena shoga wa kunivukia. Nilitenga vikombe viwili vya kahawa. Yeye akaomba soda, na cha pili nikakinywa mimi, kama zamani.