Mstari Mmoja Niliouandika Kwenye Seva ya Shule

Nianze na ujinga wenyewe, maana nimechoka kuuzungukazunguka. Niliingia kwenye seva ya shule yetu kwa nywila ya mwalimu, nikaandika mstari mmoja, na mstari huo ukamnyima mama yangu kazi. Mama yangu mzazi, siyo wa kambo. Natangulia kusema hivyo ili mjue mnasoma habari za mtu wa aina gani.

Niko kidato cha tatu, hapa Tukuyu. Darasani najulikana kwa kuchekesha watu. Siku hizi sichekeshi mtu.

Iko hivi. Chumba chetu cha kompyuta kina seva moja na skrini kumi na tano zinazoitegemea. Ukifungua kitu kwenye skrini yoyote, anayefanya kazi ni ile seva. Jumamosi mchana ulikuwa muda wetu, tunacheza mpira wa kwenye kompyuta mpaka tufukuzwe. Halafu chama cha wakulima wa chai kikaomba chumba. Kituo chao cha kupimia majani kilikuwa kinaletewa mizani ya kisasa, na walitaka karani mmoja anayejua kompyuta, atoke kwa wachumaji wenyewe. Akina mama kumi na tano wakajiandikisha. Mama akiwemo.

Mama amebeba kapu la chai mgongoni tangu kabla sijazaliwa, na mgongo sasa unamdai. Ukarani kwake ulikuwa kukaa kwenye kiti, chini ya bati, mvua ikinyesha nje. Basi. Hakutaka kingine.

Mimi nilichoona ni skrini zetu zimechukuliwa. Na nikiri yote: niliona aibu. Rafiki yangu Lusajo alishaanza kusema mama yangu atamaliza shule kabla yangu, darasa zima likacheka, na safari hiyo kichekesho nilikuwa mimi.

Mwalimu wetu wa kompyuta ana tabia ya kutamka nywila huku anaiandika, polepole, kama mtoto wa chekechea. Shule nzima inaijua. Wale akina mama aliwapa jina moja tu la kuingilia, "wazazi", wote kumi na tano, ili wasihangaike. Aliwaingiza yeye mwenyewe kwenye kila skrini na hakuwatoa tena. Wakimaliza wanazima kioo, wanaondoka.

Sasa, kwenye seva kuna faili linalosema kila jina linaruhusiwa kuendesha kazi ngapi kwa wakati mmoja. Kwa "wazazi" nikaandika idadi ndogo. Nilijua watakwama wote, watachoka, watarudi shambani, na sisi tutarudi uwanjani. Jioni hiyo umeme ukakatika, kama kawaida yetu. Mwalimu alipowasha seva na kuwaingiza upya, mstari wangu ukaanza kazi.

Haukufanya nilivyotaka. Kwa kuwa walitumia jina moja, seva iliwahesabu kama mtu mmoja. Kumi na wanne waliowahi walifungua programu ya kuandikia bila shida yoyote. Idadi ikishajaa, anayekuja nyuma anabonyeza mpaka kidole kinauma, hakifunguki kitu.

Na nani alikuwa anakuja nyuma? Mama. Kila Jumamosi. Yeye hatoki shambani mpaka kapu lijae, alipeleke kituoni, asubiri lipimwe, ndipo aje, nailoni ya kuchumia chai bado iko kiunoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai.

Jumamosi ya kwanza nilichungulia dirishani nikacheka. Msinitetee. Nilicheka.

Mwalimu alihangaika naye kweli. Akabadilisha waya, akabadilisha kibodi. Akaingia kwa jina lake mwenyewe kwenye skrini ile ile, kila kitu kikafunguka, maana jina lake halikuwa na mpaka. Akamrudisha mama kwa jina la "wazazi", kimya. Mwisho akamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, labda unabonyeza kwa nguvu sana."

Mama Tusa, jirani yetu, akasema mashine inaogopa vidole vyeusi. Wote wakacheka, na mama naye akacheka. Lakini tangu siku hiyo akawa anasimama bombani pale kituoni, anasugua vidole kwa ndimu na mchanga kabla ya kuja. Kwa hiyo akawa anachelewa zaidi.

Niliendelea kunyamaza. Kilichonimaliza ni boksi. Siku chache kabla ya mtihani wa kumpata karani mama alileta boksi la sabuni, akaniomba nimchoree herufi za kibodi afanyie mazoezi nyumbani. Nikamchorea. Akakaa nalo mapajani anagonga jina lake, tena na tena, midomo inatembea.

Kesho yake niliingia kwenye seva nikaufuta ule mstari. Nikalala kama mtu aliyefutiwa dhambi.

Nisichojua ni kwamba seva husoma lile faili mtu anapoingia tu. Aliyekwisha kuingia anabaki na mpaka wake wa zamani hadi atoke. Na akina mama hawakuwa wametoka. Wiki ile tu, kati ya wiki zote za Tukuyu, umeme haukukatika hata dakika moja.

Mtihani ulikuwa kuandika orodha ya majina ya wakulima ndani ya nusu saa. Mama alifika wa mwisho tena, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza. Halafu akaweka mikono mapajani akaangalia kioo mpaka muda ukaisha. Mama Tusa akapata ukarani.

Jumatatu Mwalimu alisoma kumbukumbu za seva akakuta imeandika kila mara ilipomkatalia "wazazi". Akauliza darasani. Nilisimama, nikakiri. Alikwenda chamani kueleza, akaambiwa barua ya kazi ya Mama Tusa imeshatoka.

Mnaoshika mashine za watu, sikieni mtu aliyechoka. Usimwekee mtu mpaka kwa utani, maana huchagui utamwangukia nani. Na ukiuondoa, usiondoke. Watoe watu wote, waingize upya, kisha ukakae kwenye kiti cha yule anayefika wa mwisho, ubonyeze wewe mwenyewe.

Jioni ile nilimweleza mama jikoni, tunakula ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Seva, faili, mstari, kila kitu. Aliuliza jambo moja tu, kama vidole vyake havikuwa na kosa. Nikasema havikuwa na kosa. Akavitazama, kisha akasema:

"Jumamosi zote hizo nimemwomba Mungu anifungue akili, kumbe aliyeifunga yuko hapa hapa, anakula ndizi zangu."