Maziwa ya Mama Bibiana

Lea alikuwa amepika chai ya maziwa stendi ya Kilosa kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kikombe. Kwa hiyo alipopata kazi kwenye hoteli moja ya watalii huko Mikumi, alijua kabisa kwamba maziwa hayawezi kumshinda. Yalimshinda siku ya kwanza, mbele ya watu.

Mwalimu wake alikuwa Goodhope, kijana mwenye adabu aliyemzidi kila kitu isipokuwa umri. Alimwonyesha namna ya kuzamisha ncha ya bomba la mvuke la mashine ya kahawa kwenye jagi la chuma, kuiacha inong'one kidogo tu juu ya maziwa, kisha kuishusha ili yazunguke yenyewe hadi jagi lianze kuunguza kiganja. Maziwa yakitoka laini, unayamimina kwenye kahawa huku ukitikisa mkono, na ua la povu linachanua juu ya kikombe. La Goodhope lilichanua. La Lea lilikuwa doa tu. Mgeni mmoja alilitazama kwa huruma, akauliza kama ni ramani ya Afrika.

Alipewa mwezi mmoja wa majaribio. Akishindwa, arudi stendi, na kule alishaaga kwa mbwembwe, hata masufuria ameyagawa.

Sasa, kulikuwa na agizo moja ambalo Goodhope alilitoa kama jambo dogo: maziwa yanayobaki kwenye jagi baada ya kila kikombe, mwaga. Hakusema kwa nini. Lea alizaliwa Mamboya, milimani, kwenye nyumba ambayo maziwa yalikuwa ya mtoto na mgonjwa, na aliyeyamwaga alichapwa kwanza, kisha akaombewa. Mkono wake ulikataa katakata. Goodhope akigeuka, Lea aliyarudisha mabaki yale kwenye ndoo iliyokuwa ndani ya friji, juu ya maziwa mapya, akajiona mtu mwema.

Wiki ya tatu, ua la Goodhope mwenyewe likagoma. Akajaribu tena, likagoma tena. Akaonja maziwa ya kwenye ndoo, akasema yana maji.

Maziwa yale yaliletwa kila asubuhi na mama Bibiana, mjane mwenye ng'ombe wawili. Ndiye aliyempangisha Lea chumba, na ndiye aliyemwombea kazi hapo hotelini. Alipofika kesho yake, Goodhope alimpa shikamoo yake kwa heshima zote, kisha akamwambia hawatayapokea tena. Alimweleza taratibu kwamba maziwa yenye maji hayalainiki hata ufanyeje. Hata maji ya mvuke wa mashine huyaharibu, alisema, ndiyo maana mabaki ya jagi humwagwa.

Nyuma ya mashine, Lea alikuwa akifuta jagi safi. Hapo ndipo alipoelewa.

Mama Bibiana aliapa mara moja tu kwamba hajawahi kutia maji kwenye maziwa ya watu. Kisha akamgeukia Lea, kwa sababu Lea ndiye aliyeipokea ndoo kila siku, akayachemsha maziwa na kuyapoza kwa mkono wake.

Maneno yalikuwa machache: ni mimi, nilikuwa narudisha mabaki. Akawaza siku tisa zilizobaki. Akawaza wageni aliowanywesha mabaki, na hoteli ingemfanya nini. Akainama, akaendelea kufuta. Mama Bibiana alijitwisha ndoo yake, imejaa vilevile, akaondoka.

Maziwa yakaanza kuletwa na mtu mwingine, na kuanzia siku hiyo Lea alimwaga kila tone la mabaki. Siku ya mwisho, mbele ya Doris, mwenye hoteli, ua likachanua katikati ya kikombe, majani yote yamelingana. Doris akalipiga picha.

"Umeona, dada Lea?" Goodhope alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Tatizo lilikuwa yule mama."

Lea akasema ndiyo. Alipewa aproni yenye jina lake, akaona aibu kuivaa, akaivaa.

Nyumbani alianza kutoka mapema na kurudi amechelewa, ili asikutane na mama Bibiana uani. Jumapili, nje ya kanisa, alijaribu kupitia upande wa pili, lakini mama Bibiana alimwahi. Lea akasema shikamoo macho yakiwa chini. Aliitikiwa marahaba kwa upole uleule wa siku zote.

Mama Bibiana alisema amefikiri sana. Huenda ni majani mapya ya masika, huenda ni pumba aliyobadilisha. Ng'ombe mmoja alikuwa ameshamuuza, yule aliyemshuku zaidi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Kidogo nikukoseshe kazi."

Lea alifungua mdomo. Waumini walikuwa wakipita, wengine wakimpongeza kwa kazi mpya.

"Yameisha, mama," alisema.

Mama Bibiana alimshika mikono yote miwili, akamshukuru.