Kelele za Mzee Toka

Aliyempachika jina la Mzee Toka hakukosea. Muuza vitasa huyo alikuwa na mtindo mmoja tu wa biashara, na aliutumia miaka thelathini: mteja akitaja bei ya kijinga, anafokewa, "Toka! Toka dukani kwangu!" Mteja anaondoka amenuna, anafika kizingitini, anakumbuka kwamba mlango wake haufungiki, anarudi. Na mtu aliyerudi kwa aibu hana nguvu ya kubishana bei.

Siku moja akaleta mchoraji wa mabango apambe ukuta wa duka. Alimkamua bei mpaka mchoraji akachoka. "Kwa hela hiyo, mzee, nachora ninachotaka mimi." Akamchora Mzee Toka mwenyewe, mdomo wazi kama droo, kidole kikielekea mlangoni. Wapita njia walicheka, wakaingia, wakanunua. Mzee akaiacha picha.

Balaa lilianza kikundi cha maigizo kilipoiona. Wakamtungia mchezo mzima, ukajaza ukumbi majuma kadhaa. Mwigizaji wao alikuwa na jicho kali; alianika kila kitu, hadi mwenye duka anavyozihesabu hatua za mteja kimoyomoyo, tayari kumwita asiyegeuka mwenyewe.

Tangu hapo, akifoka, watu wanashika mbavu. Mama mmoja alisimama kizingitini makusudi. "Baba, nimeshafika. Si ndiyo unaniita sasa?"

Akamwita. Akauza kwa hasara.

"Umeponzwa na mdomo wako," mkewe alisema huku akipanga bawaba.

"Nimeponzwa na waigizaji!"

"Nao walikuokota wapi, mume wangu? Mwezini?"

Mzee alishinda akiwaza. Hata akikasirika kweli, nani atamwamini? Hasira yake sasa ilikuwa mali ya mji mzima.

Kesho yake akaja seremala, akachagua vitasa kumi, akataja bei ya dharau, akasimama tayari kufokewa. Mzee Toka akachukua kitasa kimoja, akakifuta vumbi, akakirudisha kwenye boksi. Kimya.

"Mzee, unaumwa?"

Kitasa cha pili kikaingia boksini. Seremala akapandisha bei. Cha tatu kikafuata. Akapandisha tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Chukua," mzee akasema taratibu.

Seremala akafungasha mzigo, lakini hakuondoka. "Nifokee basi, hata kidogo. Wenzangu karakanani wataniuliza."

Mzee Toka akafungua mdomo, akaufunga.

"Kelele zinauzwa ukumbini, fundi. Hapa ni vitasa."