Semi, mbwa niliyemtoa chini ya lori Makambako, na koti la marehemu baba mkwe

Kamwene wakuu. Ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu Njombe, kwa hiyo hata wewe uliye kwenye joto la Dar ipokee tu.

Mimi ni mama wa mitumba, nauza masweta na makoti sokoni hapa mjini. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, nacheka na nyuzi zenu peke yangu kibandani mpaka wateja wananishangaa. Leo na mimi nina la kwangu.

Na kabla hamjaanza: hii siyo chai, siyo ya kutunga. Mhusika mkuu amelala hapa miguuni kwangu ninavyoandika, anakoroma kama baba wa watu.

Picha msiniombe. Kamera ya simu yangu inaonyesha ukungu mtupu, na ukungu huku tunao wa kutosha.

Twende.

Mzigo wangu huwa naufuata Makambako. Wanaopajua wanajua, malori ya Zambia, malori ya mbao, malori ya mahindi, yote yanapumzika pale. Siku hiyo belo langu la mitumba lilichelewa kushushwa, nikakaa kwa mama ntilie mmoja pembeni ya maegesho nanywa chai. Chai ya kweli hiyo, ya tangawizi.

Chini ya semi trela moja bovu nikaona macho yananitazama.

Mbwa. Rangi ya udongo, mbavu zote nje, shingoni ana kamba ya katani iliyomla mpaka nyama inaonekana. Kila mtu akipita anajikunja, utadhani anataka kuingia ndani ya tairi.

Nikamuuliza mama ntilie, "Dada, huyu mbwa wa nani?"

"Wa nani tena! Alikuja na lori, lori likaondoka likamwacha. Walinzi wa hapa wamempiga mpaka wamechoka wenyewe. Sasa wanasema watamwekea sumu kwenye nyama, maana ananusanusa mizigo ya watu."

Aliyasema hayo huku anakata vitunguu, wala hakuinua uso. Wakuu, chai ile sikuimaliza.

Mimi siyo mtu wa mbwa, niseme ukweli. Kwetu mbwa ni wa nje, anakula makombo, analinda, basi. Nilijidanganya kwamba natafuta mlinzi kwa sababu wezi wa parachichi walikuwa wanatusumbua na mbwa wetu wa zamani alishakufa kwa uzee. Uongo mtupu. Nilimwonea huruma.

Dereva wa kirikuu, kigari cha mizigo nilichokodi, akagoma. "Mama, mimi nabeba mizigo, sibebi kichaa."

"Kichaa ni wewe unayeendesha gari halina honi. Nishikie hapa."

Tulimfunika na gunia, tukampitisha kwa daktari wa mifugo akachomwa chanjo na kusafishwa kile kidonda. Hilo msiliruke, mbwa usiyemjua chanjo kwanza, mapenzi baadaye. Kisha tukambana katikati ya belo na tairi la akiba, safari ya Njombe. Njia nzima hakutoa hata mguno. Nikampa jina Semi, kwa kuwa ndipo nilipomkuta.

Sasa nyumbani.

Mume wangu, Baba Anna, ni mkulima wa viazi na parachichi. Mtu mpole, maneno machache. Mwaka huu alimzika baba yake, na tangu msiba uishe hata yale maneno machache yalikuwa yamepungua. Kucheka ndiyo kabisa, alisahau.

Alitoka barazani na koti lake jeusi, akaja mpaka kwenye gari kumwona mgeni.

Semi alipomwona alijikojolea palepale. Juu ya belo langu la masweta, jamani!

Baba Anna akamtazama, akanitazama mimi. "Huyu ndiye mlinzi?"

"Ndiye."

"Atamlinda nani, na yeye nani atamlinda?"

Nikamweleza habari ya sumu. Akatoa hukumu: akae, ila parachichi zikianza kuvunwa na bado yuko hivi, namrudisha nilikomtoa na tunatafuta mbwa wa kazi. Nami nilijua kumrudisha kule maana yake nini.

Tukaanza na kosa ambalo nadhani wengi humu mnalifanya hadi leo. Tulimfuata mbwa kwa mtindo wetu wa siku zote: mjengee banda la mabanzi, mfunge mnyororo mchana kutwa asizoee watu, jioni mfungue awe mkali. Mbwa wetu wa zamani alilelewa hivyo na alikuwa simba.

Semi huo mnyororo ulimmaliza. Alijibana nyuma ya banda, akawa hali mtu akiwepo. Ukiweka bakuli lazima uondoke, uingie ndani, ufunge mlango, ndipo unasikia kwa mbali anakula harakaharaka kama anaiba.

Nikamfungua. Afadhali aogope akiwa huru.

Jirani yangu Mama Tuma, mtaalamu wa kila kitu, akaleta dawa yake. Eti mwenye mji achukue tonge la ugali, akae nalo kwapani mpaka liingie jasho lake, ndipo ampe mbwa. Mbwa akila hilo hakuachi maisha. Najua humu mpo mliowahi kufanya, msijifiche.

Sasa wakuu, Njombe hii, mwezi ule wa baridi kali, jasho la kwapani unalitoa wapi? Baba Anna aliweka tonge ndani ya koti, akalima viazi nalo, akachanja kuni nalo. Jioni likatoka kavu, gumu, limekaa kama jiwe la kuwindia ndege. Akamsogelea Semi kwa upole wote, akainama, akamnyooshea.

Semi alipiga kelele moja ya maumivu na hakuna aliyemgusa. Akakimbilia chini ya rundo la kuni, hakutoka tena siku hiyo.

Mume wangu alisimama pale na tonge lake mkononi. Nilimwonea huruma kuliko mbwa. Akasema taratibu, "Mama Anna, mimi nimemkosea nini huyu?"

Mimi Semi alikuwa ameanza kunivumilia. Watoto pia, alikuwa anawatazama kwa mbali. Ila Baba Anna akitokea tu barazani, mbwa anapotea. Nikaanza kusema labda ni wanaume. Lakini fundi alikuja kurekebisha bomba, mwanaume na ndevu zake, Semi alikaa palepale anamtazama.

Jibu nililipata Jumapili moja baada ya ibada.

Tulinyeshewa tukitoka kanisani, nikaanika lile koti jeusi la Baba Anna kwenye kamba uani. Baba Anna akavaa sweta akaenda kuchanja kuni, hatua chache tu kutoka kwenye lile rundo. Mimi nilikuwa namenya viazi. Upepo ukavuma, koti likajaa, mikono ikainuka.

Semi alilala chini akaanza kutetemeka na kulia. Macho yote kwenye koti. Mume wangu yuko karibu naye anapiga shoka, kwa! kwa! na mbwa hana habari naye kabisa.

Kisu kilinidondoka.

Hapa lazima niwaeleze hilo koti. Marehemu baba mkwe alikuwa mlinzi wa kiwanda cha mbao maisha yake yote. Koti lake lilikuwa lile la walinzi, refu, jeusi, zito, vifungo vikubwa. Walinzi wa pale maegesho ya Makambako wanavaa yaleyale. Mimi nauza makoti na sikuwa nimeliona hilo!

Siku ya kuanua matanga, wazee walipogawa nguo za marehemu, koti walimvika Baba Anna kwa sababu ndiye mkubwa. Mdogo wake, shemeji yangu Festo, naye alilitaka, maana ndiye aliyemuuguza mzee. Alichukua kofia aliyopewa, akarudi kwake Wanging'ombe, na hakukanyaga tena kwetu.

Tangu siku hiyo mume wangu hakulivua. Anakula nalo, anakaa nalo sebuleni jiko linawaka. Nimemletea makoti ya kila aina kutoka kwenye mabelo yangu, anasema asante, anayatundika. Nilijua ile haikuwa baridi.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyoogopa kufungua mdomo. Ila nilifungua.

"Baba Anna, mbwa hakuogopi wewe. Anaogopa koti."

Alielewa haraka kuliko nilivyotegemea, nikaona usoni. Kisha akasema, "Koti la mzee silivui kwa ajili ya mbwa." Akalianua bado bichi, akalivaa, akaenda shambani.

Sikumlaumu. Nililia kidogo jikoni, nikijua parachichi zinakaribia, na sijui nitamtazamaje Semi nikimpandisha tena kwenye gari.

Ikapita kama wiki. Asubuhi moja naamka, umande umeganda kwenye majani, nje kweupe. Kitandani sina mtu. Koti liko kwenye msumari wa chumbani.

Nikachungulia dirishani. Baba Anna amekaa kwenye gogo na kijisweta, anatetemeka, amempa Semi mgongo. Ana sufuria ya viazi vya kuchemsha, anamenya, anakula, kingine anakiweka chini pembeni yake bila kugeuka. Anaongea. Nikafungua dirisha kidogo nisikie. Mimi mmbeya, mtanisamehe.

"Mzee naye alikuwa anavipenda hivi hivi," anasema. "Na chumvi tu. Ukimwekea mafuta anakasirika."

Semi akatoka kwenye kuni, tumbo chini, anajivuta. Akachukua kiazi. Hakukimbia nacho, alikilia palepale, karibu na mkono wa mume wangu. Na mume wangu akaendelea kumsimulia habari za baba yake huku machozi yanamtoka, mambo ambayo mimi mkewe hajawahi kunisimulia.

Nikafunga dirisha. Niliwaacha.

Ikawa ndiyo desturi yao kila asubuhi. Anakaa upande, hamtazami machoni, hamfuati, anamsubiri aje mwenyewe. Koti akalitundika kwenye msumari wa barazani, bakuli la Semi tukaliweka mbali nalo. Kila baada ya siku kadhaa tunalisogeza bakuli karibu kidogo. Akisita, tunarudisha nyuma, hakuna kumlazimisha. Mpaka ikafika anakula chini ya koti kabisa, pindo linamgusa mgongo.

Halafu Baba Anna akaanza kukaa nalo mapajani. Halafu mabegani. Siku alipoingiza mikono yote, Semi alimzunguka, akalinusa pindo, akalala juu ya viatu vyake. Mimi nilipiga kigelegele, mbwa akakimbia. Nilitukanwa siku hiyo!

Ikabaki moja. Semi hakuwa anabweka. Hata mara moja. Mama Tuma akawa anapita getini anauliza, "Bubu wenu hajambo?" Na parachichi zilishaanza kuvunwa. Mume wangu hakugusia ile hukumu yake, na mimi siyo mjinga wa kumkumbusha, lakini kila akisema "Mama Anna" moyo unaruka.

Siku ya kuvuna shamba letu, nani akatokea getini? Shemeji Festo. Amesikia tunavuna, kaja kusaidia. Hatukuulizana maswali. Alifanya kazi kutwa, wakala pamoja na kaka yake, wakaongelea bei ya viazi kama wanaume wanavyofanya wakikwepa la maana. Semi alimnusa, akamwona mtu wa kawaida.

Jioni ukungu ukashuka. Shemeji kaja na shati tu. Wakati wa kuaga, Baba Anna yuko nyuma anapanga makreti, nikamwona shemeji anasimama barazani analitazama lile koti muda mrefu. Kisha akalitoa kwenye msumari, akalivaa, akanitania, "Shemeji, mwambie kaka nimeazima tu mpaka barabarani." Sauti ilikuwa ya utani, macho hayakuwa ya utani.

Akashuka ngazi kuelekea getini.

Wakuu. Semi alinyanyuka, akampita mbio, akasimama katikati ya geti, akabweka.

Siyo kidogo. Alibweka mpaka kuku wakaruka. Manyoya yamesimama, miguu imekita, mbwa aliyekuwa anajikojolea kwa koti hilohilo, sasa anamwambia mtu koti halitoki hapa!

Shemeji kaganda na mikono juu. "Shemeji! Mbwa wenu kaniita mwizi!"

Baba Anna akaja mbio kutoka nyuma. Akaona mbwa, akaona koti, akaona mdogo wake na mikono juu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti, machozi yanatoka, shemeji naye akaambukizwa. Toka mazishi sikuwa nimesikia kicheko hicho.

Shemeji akalivua, akamrudishia. Baba Anna akalishika kidogo. Kisha akamzunguka mdogo wake, akamvika mwenyewe mabegani, akamfunga na vifungo, kama mtoto.

"Vaa. Kaa nalo baridi hii iishe. Wewe ndiye uliyekuwa na mzee mwisho."

Baba Anna akaweka mkono kichwani kwa Semi, akamwambia, "Huyu wa kwetu." Na Semi akanyamaza, akahama getini. Akamsindikiza shemeji mpaka barabarani, ananusa pindo la koti njia nzima.

Mume wangu alirudi ndani na kijisweta. Nikamletea koti moja la bluu nililomtunzia siku nyingi. Safari hii alilivaa.

Nilichojifunza mimi mama wa mitumba: mnyama akikuogopa usikimbilie kusema ana roho mbaya au hafai. Kaa pembeni yake utazame anachokiangalia. Na mnyororo wa mchana kutwa, jamani, tuuache, unatengeneza kichaa, siyo mlinzi.

Mwenye mbwa, paka, hata mume aliyewahi kumtoa mafichoni taratibu, karibu aandike alitumia mbinu gani, nasoma zote. Na Mama Tuma kama umo humu kwa jina la bandia, bubu wetu hajambo, pita tena getini umsalimie.