Kengele Kwenye Jukwaa la Adui

Ukitaka kumwona Eneida Sotolongo ametulia, itabidi usubiri siku ya maziko yake, na hata siku hiyo mimi sitasogea karibu na jeneza. Nimekuwa jirani yake tangu sote wawili tuna meno kamili. Nyumba zetu zinashikana ukuta, kwa hiyo kila kipigo ambacho timu yetu imekula nimekisikia mara mbili: kwanza redioni, kisha kwa Eneida akiifokea redio.

Timu yetu ya besiboli ni Wakata-miwa wa Santa Delfina. Kiwanda cha sukari kilifungwa zamani na mashamba yamegeuka vichaka, lakini timu imebaki, na Eneida amebaki nayo. Asubuhi anauza mkate wa mgao dirishani. Alasiri, siku ya mechi, yuko uwanjani nyuma ya benchi letu, na shati lake la kijani na kengele iliyokuwa ya ng'ombe wa marehemu baba yake. Huigonga kwa msumari wa reli, mapigo mawili ya haraka na moja la kuvuta, kisha ananyamaza mrushaji wetu arushe. Wachezaji wote wameizoea. Wengine wanaiogopa, maana mtu akicheza ovyo Eneida humtolea uvivu mbele ya mkewe na watoto wake.

Msimu huu tulikuwa wabovu. Wanaosema tulikosa bahati wanapaka rangi ukuta uliooza. Wapigaji wetu walisimama na magongo yao kama watu wanaosubiri foleni ya mafuta ya taa, na kocha alikuwa na kazi moja tu, kutafuna mbegu za maboga. Mchezaji tuliyekuwa naye ni mmoja, Osniel Duarte, mrushaji wa mkono wa kushoto, kijana wa mtaa wetu. Siku akirusha yeye, hata vikongwe wa mtaani hufunga milango na kuja uwanjani.

Osniel ana doa moja. Utotoni, mama yake, Zenaida, alikuwa akiingia uwanjani katikati ya mchezo na bilauri ya maziwa, na mchezo unasimama mpaka mtoto amalize kunywa. Wenzake wakambatiza Maziwa. Mpaka leo ukimwita hivyo masikio yanamwiva, na masikio yakiiva mpira hauendi anakoutaka. Sisi tunalijua hilo na tunalifunika. Mlevi mmoja aliwahi kulipayuka jukwaani kwetu, na Eneida akamfukuza na ule msumari mpaka nje ya geti.

Tukatolewa duru ya kwanza, na hapo ndipo inapokuja ile kanuni ambayo mpaka leo inanipandisha mori. Timu zikishatolewa, zile zilizofuzu zinakuja kuchagua wachezaji bora wa waliotolewa wakawachezee mpaka fainali. Unamzika jirani, halafu unabaki kuchagua viatu vya marehemu. Mabaharia wa Puerto Amparo, watu wa shati jekundu ambao tumechukiana nao tangu enzi za babu zetu, walimchagua Osniel kabla ya mtu mwingine yeyote.

Habari ilifika kwenye kona ya moto, yaani yale mabenchi ya bustanini ambako wanaume wa mji huu wanabishana besiboli kutwa nzima. Eneida akaja moja kwa moja kutoka kazini, unga mikononi. Fermín, kinyozi wetu, ambaye amezaliwa hapa hapa na bado anashangilia Mabaharia bila haya, alikuwa akimsubiri.

"Pole, Bi Eneida," akasema. "Lakini kijana ameula. Sasa atacheza na watu wazima."

"Fermín, vichwa unavyonyoa mji huu ni aibu tosha. Usituongezee na mdomo."

"Mimi nasema kweli tu. Kule atapata ubingwa. Hapa angepata nini? Mkate wako?"

Watu wakacheka. Eneida hakucheka. Akapanda juu ya benchi, mwanamke wa umri ule, na magoti yale.

"Nisikilizeni wote, na wewe kinyozi usikilize mara mbili. Osniel akivaa lile shati jekundu, nitamfuata huko huko Puerto Amparo. Nitamwita lile jina lake mbele ya watu mpaka atolewe kabla ya kumaliza kipindi cha kwanza. Nisipofanya hivyo, kengele hii mtamvalisha mbuzi wa Fermín."

Mimi nilijua hatanii. Nilijua pia kwamba mrushaji akivunjwa namna hiyo siku ya fainali, nchi nzima ikitazama, huenda asirudi tena kuwa mrushaji. Nikamwambia. Akanijibu kwamba kama namhurumia sana, nikamnunulie maziwa.

Siku ya kuondoka Osniel alikuja dirishani kwake, na mimi nilikuwa kwenye foleni.

"Shangazi, nimekuja kuaga."

"Hapa panauzwa mkate. Mikate mingapi?"

"Sikuomba mimi. Wamenichagua."

"Na mdomo wa kusema sitaki uliuacha wapi?"

"Nikikataa watasema najidai. Shangazi, mimi pia nataka kucheza fainali, hata mara moja tu."

"Haya, kacheze. Aliye nyuma yako, sogea."

Akaondoka bila mkate. Masikio yalikuwa yamemwiva tayari.

Mabaharia wakafika fainali, na mechi ya mwisho ikachezwa kwao. Tulikwenda mimi na Eneida kwa lori, tumesimama njia nzima. Nilikwenda ili nimshike mkono, basi. Yeye alivaa shati lake la kijani akajipenyeza katikati ya jukwaa la wekundu. Karibu naye alikaa bwana mmoja mwenye tarumbeta, mnene, mchangamfu.

"Mama, umepotea njia?" akamuuliza.

"Sijapotea. Nimekuja kumvunja mrushaji wenu."

"Ehee. Kwa kengele hiyo?"

Na hapo Eneida akafanya kosa ambalo mtu wa Santa Delfina pekee angelifanya. Sisi tunapenda kusifiwa ujuzi wa mchezo. Akamweleza bwana yule kila kitu: mama, bilauri, masikio, na jina. Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga zaidi.

Osniel akaanza vibaya. Alirusha ovyo mpaka mpigaji wa kwanza akapewa kituo bure, wa pili vilevile. Wa tatu akaupiga mpira ukamfia miguuni kwenye nyasi, na vituo vyote vitatu vikajaa wapinzani, hakuna hata mmoja aliyetolewa. Eneida akasimama. Akainua kengele, akavuta pumzi. Nilifumba macho.

Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mtoeni huyo mkata-miwa," mtu alipiga kelele nyuma yetu. "Arudi kwao akachunge ng'ombe."

Watu wakaanza kulia kama ng'ombe. Hawa ndio waliomchukua kwetu, watu wake wa sasa, wenye shati lile lile alilovaa. Halafu yule mnene akapuliza tarumbeta mara tatu na kunguruma: "Ma-zi-wa." Jukwaa zima likaitikia. Puliza, Maziwa. Puliza, Maziwa. Osniel akaangalia chini. Hata kutoka tulipokaa niliyaona masikio.

Kiapo cha Eneida kilikuwa kinatimia bila yeye kufungua kinywa. Angekaa tu. Nilimtazama nikaona shingo imemvimba, na nilimjua vya kutosha kusogea pembeni.

Alivua kofia yake, akaikunja, akaisindilia ndani ya tarumbeta mpaka mwisho.

"Lile jina ni letu," akamwambia yule bwana. "Umelisikia? Ni letu. Mimi nitamwita Maziwa, mama yake atamwita Maziwa, wewe humwiti kitu. Mmemwazima mtoto wa watu mkamvalisha matambara yenu, sasa mnamcheka? Mna aibu nyie? Mna mama?"

"Mama, ulisema umekuja kumvunja."

"Nimvunje mimi. Siyo wewe, pipa la mafuta."

Wakamzomea. Walimrushia maganda ya karanga, na mimi yalinipata mengi kuliko yeye, bila kosa lolote. Hakuketi. Akapanda kwenye kiti na kugonga kengele, mawili ya haraka na moja la kuvuta. Osniel akainua kichwa. Akatafuta jukwaani mpaka akaliona lile shati la kijani. Eneida akanyamaza, na yeye akarusha.

Aliwatoa wapigaji watatu waliofuata mfululizo, na hakuna aliyegusa mpira. Aliendelea hivyo mpaka mwisho, kila mpira na kengele yake, na jukwaa lile la wanafiki likaishia kupiga makofi kwa mapigo ya Eneida. Mabaharia wakawa mabingwa. Mtu mmoja alijaribu kumkumbatia Eneida, akapigwa kiwiko.

Osniel alikuja mpaka kwenye uzio, akavua kofia.

"Shangazi, ulikuja."

"Nilikuja kukuvunja, wakanitangulia. Na usinivulie kofia ukiwa na shati hilo. Jifunike."

Njia nzima ya kurudi Eneida alikuwa akilia kwa hasira, na ukimwuliza anamlilia nani anakwambia unyamaze. Amewapa ubingwa watu anaowachukia kuliko njaa. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Fermín akamvalisha mbuzi kengele, hakusubiri kuchekwa. Sasa yule mnyama anazunguka mtaani akila nguo za watu, na kila akipita dirishani Eneida anagonga sufuria ili asimsikie.

Wiki iliyofuata Osniel akamletea lile shati jekundu la fainali, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Akaliweka dirishani akaondoka. Eneida alilishika kwa vidole viwili akaenda nalo ndani. Jumamosi hiyo hiyo akalitumbukiza kwenye ndoo na kupigia deki baraza lote, mlango ukiwa wazi, mtaa mzima ukimwona, Fermín akiwa wa mbele. Mpaka leo ndilo tambara lake la deki. Juzi aliliacha ukutani likauke, nikapita karibu nalo. Mgongoni, pale palipokuwa pameandikwa Duarte, pana tundu la mraba, limekatwa kwa mkasi taratibu na kuzungushiwa uzi ukingoni. Kipande chenye jina sijawahi kukiona ndooni.