Posa ya Kijana wa Nyuklia

Leonida ni mkaanga samaki wa Kendu Bay, na ngege wake huwa wamekwisha kabla jua halijawa kali. Lakini ukiuliza sokoni watakwambia kazi yake hasa ni nyingine. Yeye ni jagam, mshenga wa Kijaluo, yule anayewakutanisha vijana wawili kisha akasimama katikati ya koo mbili mpaka ng'ombe wafike. Ndoa alizounganisha zimesimama. Iliyovunjika ni moja tu, na hiyo, akiulizwa, anasema ilitaka kuvunjika tangu siku ya kwanza, yeye asingeweza kuishikilia kwa meno.

Watu hudhani kazi ya jagam ni mdomo. Mdomo anao, wa kutosha na kusaza, lakini kazi yenyewe ni kuchunguza. Anaulizia kama kuna udugu wa damu, kama ukoo una wezi, kama kuna mzee anayetoka usiku kukimbia uchi na kurusha mawe kwenye mabati ya majirani. Akisharidhika ndipo anaweka jina lake juu ya mtu, na hapo hata padri haulizi zaidi.

Valary alimpata pale pale mezani pake. Ni mwalimu, mzaliwa wa Macalder huko Nyatike, na siku moja Leonida alimwona akila kichwa cha samaki mbele za watu, anakimaliza mfupa kwa mfupa, hana habari na mtu. Akajiambia huyu hana maringo, huyu ni wa Clifford. Clifford ni mtoto wa jirani yake, mpole, ana kazi ya serikali Nairobi. Wakakutanishwa, wakapendana haraka mpaka Leonida akaona kama amepunjwa kazi.

Nicanor, baba ya Valary, alipouliza kijana anafanya kazi gani, Leonida alijibu, "Kazi ya stima." Ndivyo Clifford alivyomwambia, naye hakuona sababu ya kuuliza stima gani. Stima kwake ilikuwa ile inayopotea mvua ikinyesha.

Redio ndiyo iliyoharibu mambo. Siku ya ayie ilikuwa inakaribia, siku ambayo mama wa msichana hupelekewa zawadi yake na kuombwa akubali. Jioni moja kulikuwa na mjadala kuhusu mpango wa kujenga kiwanda cha nyuklia kando ya ziwa. Nicanor alikuwa anasikiliza, na Valary, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, akasema kwa fahari, "Hiyo ndiyo kazi ya Clifford, baba. Alienda kuisomea Korea Kusini." Maskini, alidhani analeta sifa.

Asubuhi simu ikamkuta Leonida akigeuza samaki. "Jagam," Nicanor akasema, hata salamu hakuna, "uliniambia stima. Kumbe umeniletea bomu. Ng'ombe wenu wakae huko huko." Akakata. Samaki wakaungua wote kwenye karai.

Leonida angeweza kumwita mzee mshamba, lakini alijua habari zake. Nicanor alichimba dhahabu Macalder na Osiri tangu ujana. Alikuwa anachanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kwa sababu aliyemuuzia alimwambia ni dawa tu ya kukusanya dhahabu. Mkewe, Emmaculate, ndiye aliyekuwa akiichoma zebaki hiyo ili ibaki dhahabu tupu, jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali. Baada ya Valary kuzaliwa, mimba mbili ziliharibika, na hadi leo hakuna aliyewaambia kwa nini. Siku hizi mikono ya mzee hutetemeka, basi wageni wakija anaitia mifukoni. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba sumu isiyoonekana ni hadithi za redioni.

Leonida akamkasirikia Clifford, kisha akajikasirikia mwenyewe, kisha akarudi kwa Clifford, maana kujikasirikia kunachosha. Akampigia simu. "Njoo unieleze unafanya nini, na usinifiche hata punje. Jina langu liko juu yako. Nikikuta uongo, nitaivunja hii posa kwa mkono wangu."

Clifford akaja, akaketi kwenye kigoda kando ya karai na shati lake zuri.

"Mama, ni kuchemsha maji tu," akaanza. "Maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha pangaboi kubwa la chuma, pangaboi linazungusha jenereta, stima inatoka."

"Na moto ni wa nini? Kuni?"

"Hatuchomi kitu. Tunapasua." Akaeleza kwamba madini ya urani yana viini vidogo kupita kiasi, na kijipande kiitwacho nutroni kikigonga kiini, kiini kinapasuka, kinatoa joto, na kinarusha nutroni nyingine mbili au tatu. Hizo nazo zinaenda kugonga viini vingine.

Leonida akainua samaki mafutani. "Huo ni umbea."

"Umbea, mama?"

"Mmoja anawaambia watatu, kila mmoja wa hao anawaambia watatu wake. Kabla ya saa sita soko zima linawaka."

Clifford akacheka mpaka akashika kigoda. "Ndivyo hasa. Sasa sisi tunaweka fito zinazomeza nutroni. Ukizishusha zote katikati, umbea unakatika."

"Yaani watu wanaosikia wakanyamaza."

"Hao hao."

"Hapa Kendu Bay hatuna fito hata moja," Leonida akasema, na mara ya kwanza tangu simu ile akacheka.

Lakini kucheka hakukumfanya alegee. Akamhoji vile anavyohoji habari za wachawi. Clifford akamwambia kuhusu Chernobyl, ambako wenyewe walizima vizuizi vyao wakifanya majaribio, mtambo ukawashinda. Akamwambia kuhusu Fukushima, kwamba hata umbea ukikatika, joto hubaki na lazima maji yaendelee kupita, na wimbi la bahari lilizamisha jenereta za pampu.

"Ngoja," Leonida akasema. "Kiwanda cha stima kinahitaji stima? Na ikipotea, vile inavyopotea hapa?"

"Ndiyo sababu panakuwa na jenereta za akiba, na betri. Mitambo mipya inajipoza yenyewe kwa siku kadhaa bila pampu. Kuna midogo pia inayobuniwa, ya kuunganishwa kiwandani na kuletwa ikiwa tayari. Na moshi haina, mama. Mvua zinavyotuchezea miaka hii, hilo si jambo dogo."

"Na majivu yake?"

Clifford akasogeza kigoda. Akasema taka zake huwekwa majini kwanza, kisha ndani ya mapipa mazito ya chuma na zege, na kwamba Wafini wamechimba handaki refu kwenye mwamba ili wazizike huko. "Zinabaki hatari kwa maelfu ya miaka. Nani atazilinda muda wote huo, sijui. Na kama ziwa letu litafaa, hilo mna haki ya kuuliza kwa sauti kabla mtu hajaweka jiwe. Hata mimi nauliza."

Leonida akaepua karai motoni. Kijana huyu angeweza kumdanganya vizuri kabisa, naye asingejua. Akampakulia samaki mkubwa kuliko wote, kisha akampigia Nicanor simu kumwomba saa moja tu ya kusikilizwa.

Mzee akakubali, na Leonida na Clifford wakafika Macalder Jumapili. Viti vilikuwa vimepangwa uani, lakini vyungu havikuwa motoni, na Leonida aliona hilo kabla ya kitu kingine. Nicanor alikaa mikono mifukoni. Emmaculate alikuwa upande wa pili wa ua na shemeji zake.

"Jaduong'," Leonida akamwambia kwa heshima ya mzee, "nilisema stima na sikudanganya, lakini sikuuliza vya kutosha. Sasa nimeuliza. Nawe muulize utakalo. Akikwepa hata swali moja, tutaondoka bila kudai chai."

"Mimi niliambiwa zebaki ni dawa," Nicanor akasema. "Huyu ameambiwa nini?"

Clifford akatoa kidude kama simu ndogo ya vibonye, akakiweka mezani. Kikaanza kulia: tik, kimya, tik, tik. Mjomba mmoja akahamisha kiti. Clifford akasema hicho kinapima miale isiyoonekana, na kwamba miale kidogo iko kila mahali, kwenye udongo, angani, hata mwilini. Akasema kingekuwa kwenye vilima vya Ruri kule Lambwe kingelia zaidi, kwa sababu ya mawe ya kule.

"Mimi nimezaliwa chini ya Ruri," Leonida akadakia, "na nimezaa saba."

"Huo si ushahidi, mama," Clifford akasema kwa upole, na watu wakacheka, Leonida akiwemo, ingawa hakupenda.

"Kule Korea, nilikofanya kazi kiwandani baada ya masomo, kila mfanyakazi anavaa kipimo kifuani," Clifford akaendelea. "Changu kilipokaribia kiwango kinachoruhusiwa kiwandani nilitolewa mtamboni nikapelekwa ofisini. Sikuwa mgonjwa. Ni sheria."

"Bila mshahara?" Nicanor akauliza.

"Na mshahara wangu kamili, baba."

Nicanor akaguna, akatoa mkono mfukoni, akakichukua kile kidude. Mkono ulitetemeka mbele ya watu wote. Akatembea nacho hadi jikoni, akakiinamisha juu ya jiko la zamani, akarudi. Kilikuwa kinalia vile vile, polepole.

"Hiki kinaweza kuiona zebaki?"

"Hapana. Zebaki ina kipimo chake, cha damu na mkojo. Hospitali wanachukua, wanapeleka maabara."

"Kipo?"

"Kipo, baba. Kimekuwepo siku zote."

Mzee akakaa. Leonida akawahurumia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaambia watu hawa neno hilo moja dogo, kipo.

Emmaculate ndiye aliyesimama. Zawadi ya ayie ni yake na jibu ni lake, jambo ambalo wanaume walikuwa wamelisahau katika maneno yao. Hakumtazama Clifford, akamtazama Leonida.

"Jagam, mwambie kijana wako nimekubali. Na mwambie sitaki bahasha ya ayie leo. Kesho atupeleke tukapimwe. Huyu mzee, na mimi. Mimi ndiye niliyekuwa naichoma."

Nicanor akasema, "Washeni moto basi. Wageni wana njaa." Valary akatoka ndani mbio, na kuku waliokuwa wamesalimika asubuhi hawakusalimika tena.

Kesho yake hospitalini benchi lilikuwa moja tu. Mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe, hata dunia iwe imebadilika namna gani, basi Leonida akajibana katikati yao na mwili wake mnene, akawauliza wote wawili kama wanatosha. Walichekeana bila kutazamana. Nicanor alikuwa ameshaingia, na ndani alisikika akimweleza nesi habari za nyuklia.

Jina la Emmaculate likaitwa. Hakuinuka. Akaushika mkono wa Leonida kwa nguvu, mkono wa baridi wa mtu anayeogopa kuambiwa. Leonida akanyoosha mkono wake mwingine, akaushika wa Clifford, akaubana vivyo hivyo. Wakakaa hivyo watatu mpaka nesi akaita tena, na Emmaculate akainuka.