Shingo ni Yangu

Nilipokuwa mke kijana kule Ihumwa, uvimbe uliniota nyuma ya shingo. Haukuuma, ila ulikua mpaka ukawa kama yai la kuku, nikawa siwezi tena kujitwisha maji bila kuinamisha kichwa kama mbuzi anayetafuta ugomvi. Mume wangu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, akasikia kwamba Dodoma yuko daktari wa Kijerumani anayewatibu watu wa reli, na kwamba uvimbe kama wangu anaukata tu. Tukaondoka alfajiri, mimi na yeye, na mama mkwe ambaye hakuna aliyemwalika.

Daktari alikuwa mrefu, uso umeiva kwa jua letu. Siku hizo Kiswahili changu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo maneno yote yalipitia kwa msaidizi wake, mtu wa pwani aliyejifunza Kigogo chetu kwa wakwe zake. Daktari alinibonyeza shingo, akamwambia jambo msaidizi, naye akamgeukia mume wangu.

"Bwana daktari anauliza kama unakubali akate."

"Nakubali," akasema mume wangu.

"Haya, mama, lala hapo."

Sikulala. Nikamwambia, "Mimi sijaulizwa."

"Mumeo ameshakubali."

"Basi akatwe yeye."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu naye akacheka, huku anajipapasa shingo. Daktari akataka kujua kinachochekesha. Msaidizi akamjibu kwa neno moja tu, nami nikalikataa palepale: "Maneno yangu hayakuwa mafupi hivyo. Mwambie yote." Maskini, akayasema yote huku jasho likimtoka, maana katika zama zile Mzungu hakujibiwa hovyo, na viboko vya askari tulivijua.

Daktari akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, akaniangalia mimi.

"Anasema uulize unachotaka," akasema msaidizi.

Niliuliza. Atakata kwa kitu gani? Akanionyesha kisu, kidogo kuliko nilivyodhani. Nitaumia? Akasema ataninusisha dawa nilale, nisisikie kitu. Nikakataa, sikuwa tayari kulala mbele ya wanaume nisiowajua. Akasema basi iko sindano ya ganzi, nitabaki macho, ila nitasikia maumivu kidogo.

"Na nikikataa kabisa?"

Msaidizi alisita kabla ya kuuliza hilo. Daktari akajibu bila hasira: "Utarudi nyumbani na uvimbe wako. Hautakuua."

Jibu hilo ndilo lililonilainisha. Angenitisha, ningeshika njia.

Nikaomba nafasi ya kufikiri. Tukakaa nje na mama mkwe tukila karanga. Yeye, ambaye hata namna ya kusonga ugali alikuwa ananifundisha kila siku, safari hii akasema, "Hapo mwanangu sina neno. Kitakachokatwa ni chako." Nikajiona mtu mzima kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Nikarudi ndani na mama mkwe, mume wangu akabaki nje. Nikasema nakubali sindano, mama mkwe anishike mkono, na nikisema acha, aache. Daktari akaitikia kwa kichwa.

Nililala kifudifudi. Sindano iliuma kuliko walivyosema. Baada yake nikasikia kuvutwavutwa tu, kama mtu anayefumua mshono wa nguo. Katikati ya kazi nikasema, "Acha!" Sikuwa naumia. Nilitaka kuona tu kama ataacha kweli. Daktari akaacha mara moja, mikono yake nikaiona kwa pembe ya jicho imeinuliwa juu pembeni yangu. Nikaiacha ikae hapo kidogo, kisha nikamwambia aendelee, nilikuwa namjaribu tu. Msaidizi alipotafsiri, daktari alicheka kwa sauti, na kuanzia hapo mle ndani tulikuwa watu wanne tunaofanya kazi moja.

Kidonda kilipona vizuri. Wanawake wa jirani walikuja kunishika shingo, wengine wakiuliza habari za kisu, wengine wakitaka tu kusikia nilivyomjibu Mzungu.

Baada ya mavuno, mama mkwe akaamua kumpelekea daktari huyo jino lake bovu. Alimwuliza maswali mpaka msaidizi akaomba maji ya kunywa. Kisha mama mkwe akataka aonyeshwe koleo la kung'olea meno, akalishika, akalifungua na kulifunga, kisha akasema hapana, asante. Alirudi Ihumwa na jino lake mdomoni, ameridhika kabisa.